Someni Kimyakimya

Mji ule haukuwa na jina, au ulikuwa nalo na waliolijua walikaa nalo wenyewe, kama walivyokaa na mambo mengine yote. Watu wa Bondeni waliuita Mji, basi. Juu kilimani waliishi Wakubwa. Hakuna mtu wa Bondeni aliyewahi kuwaona uso kwa uso, ila vivuli vyao kila mtu alivijua, maana alasiri vivuli hivyo viliteremka kilimani vikaingia majumbani bila hodi, vikalala juu ya vyungu na juu ya vitanda vya watu. Saa ya Mji nayo haikwenda kama saa za kwingine. Wakubwa wakilala ilisimama, wakiamka ikaruka, na mtu aliweza kuingia sokoni kijana akatoka na mvi, asijue amezeekea wapi.

Nasibu alizeekea kwenye foleni ya hospitali. Hilo alilijua vizuri. Aliingia na mkewe, Siwema, amemwegemea begani, akatoka na bega tupu. Asichokijua ni lini. Kuna siku alihisi ni juzi, bado kiganja kina joto la mkono wake. Kuna siku alihisi Siwema alikufa zamani sana, kabla yeye hajazaliwa, kwamba mama yake alimzaa tayari mgane na kumfunga kitambaa cha msiba badala ya nepi. Akijitazama kwenye kioo aliona sura ya mtu asiyemjua, mtu aliyenuna, na alimwamkia kwa heshima akidhani ni mgeni.

Kilichomkaa rohoni si kifo. Kifo kila nyumba kinaingia. Kilichomkaa ni wale wenye makoti meupe, jinsi walivyosimama pande zote mbili za kitanda wakazungumza kwa lugha ya kilimani, juu ya kichwa cha Siwema, kama watu wanaosemeshana juu ya ukuta. Siwema aliwafuata kwa macho, huyu akisema anamtazama huyu, yule akijibu anamtazama yule, anasubiri angalau neno moja limdondokee. Halikudondoka. Walijua. Walilijua jina la ugonjwa, walijua hauponi, walijua hata umebaki muda gani, na wakamwambia Nasibu aende nyumbani akamletee uji. Aliporudi na uji, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Baadaye alipouliza kwa nini hawakusema, mmoja alimpapasa mgongo akamjibu kwa upole, "Kwa faida yenu, mzee. Hatukutaka kuwatia hofu."

Upole ule ndio uliomuua Siwema mara ya pili. Nasibu alimlaumu daktari, kisha mkubwa wa daktari, kisha mkubwa wa mkubwa, akapanda na lawama zake ngazi kwa ngazi mpaka akafika juu penye ukungu, akakuta hakuna wa kukabidhiwa. Akateremka nazo. Tangu hapo alitembea nazo kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenziwe na mwenyewe hajulikani aliko.

Ndipo maktaba ikajengwa. Ilisimama pale hasa Bondeni inapoishia na kilima kinapoanza, jengo jeupe lenye ngazi pana, na nyuma yake, mpaka mtoni, yalikuwa makaburi. Ndani mlikuwa na makabati ya vioo, na vitabu vilipangwa migongo ikitazama ukutani, mtu asiweze kujua kipi kinaitwaje. Wakubwa walipiga mbiu: anayejua kusoma ajitolee kuwafundisha watu wazima wa Bondeni. Wasomi wa kilimani walicheka. Ateremke nani kwenye vumbi kwa asante? Akaenda Nasibu, ambaye elimu yake ilikuwa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe hakulimaliza. Mkutubi alimtazama miguu kwanza, kisha shati, uso akaufikia mwisho.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Kama yuko mwingine, mwite nimpishe."

Hakuwako mwingine. Akapewa meza ndefu, chaki, na ubao mdogo wenye ufa. Juu ya meza lilitundikwa tangazo la maktaba lililosema watu wakae kimya. Na Nasibu aliapa moyoni kwamba hatakuwako tena mtu wa Bondeni wa kusemewa juu ya kichwa chake. Siwema, unasikia? Hata mmoja.

*

Sasa, Mji ule ulikuwa na desturi moja ambayo Wakubwa walijivunia kuliko zote. Amri yoyote ilibandikwa kwenye ubao wa nje, ukutani mwa maktaba, na amri hiyo haikumgusa mtu mpaka mmoja wa wanaohusika aisome kwa kinywa chake, kwa sauti, mbele ya Msikilizaji, hadi neno la mwisho. Wakubwa waliiita haki. Walisema: sisi si madhalimu, hatumfanyi mtu kitu kwa neno asilolijua. Na kwa kuwa Bondeni hapakuwa na msomaji ila Nasibu, aliyesoma kwa macho tu, amri nyingi ziliota ukungu ubaoni, zikachanika, zikachukuliwa na upepo bila kumdhuru mtu. Watu walipita chini yake na mizigo yao kichwani kama wanavyopita chini ya mawingu yasiyo na mvua.

Msikilizaji alikaa chini ya ubao kwenye kiti cha kukunja. Koti lake lilikuwa la kijivu. Uso ulibadilika, siku nyingine kijana, siku nyingine kikongwe, siku nyingine uso uliofanana na wa mtu uliyemzika, lakini koti lilikuwa lilelile, na sikio lilikuwa lilelile, kubwa, limeelekezwa njiani.

Asubuhi moja, darasa likiwa changa bado, Nasibu alikuta karatasi mpya ubaoni. Akaisoma kama anavyosoma siku zote, kidole hewani na midomo imefungwa. Alirudia mara mbili. Kisha akatazama nyuma ya maktaba, kwenye nyasi, mahali penye jiwe jeupe alilolibeba mwenyewe kutoka mtoni kumwekea mkewe kichwani.

Amri ilisema makaburi yataondolewa. Pale Wakubwa walitaka uwanja wa gwaride.

Hapo ndipo alipoelewa kwa nini maktaba ilijengwa, kwa nini chaki ilitolewa bure, kwa nini hapakuhitajika msomi. Alitafutwa mpumbavu mmoja mwenye uchungu awafundishe watu kufungua mlango, na bomba la maji machafu liko nyuma ya mlango. Alisimama pale akihisi mwili mzima umekuwa ubao, na yeye ndiye aliyebandikwa.

Wanafunzi walimkuta hapohapo. Walikuwa wachache, lakini wawili ndio waliokuwa roho ya darasa. Mmoja ni Sudi, mpagazi wa sokoni, mwenye shingo nene na mdomo mwepesi. Wa pili ni Bi Mashavu, mwosha maiti wa kike wa Bondeni nzima, mama mtu mzima wa mikono mikavu iliyonukia kafuri. Ndiye aliyemwosha Siwema.

"Mwalimu, imeandikwa nini hiyo?" Sudi aliuliza.

Nasibu akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale, mlangoni mwa meno. Akawatazama nyuso zao, akaona hofu ambayo bado haijaingia, akaihurumia kabla ya wakati wake.

"Mifereji," alisema. "Wanataka kuchimba mifereji ya maji ya mvua."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mashavu. "Walau safari hii wametukumbuka."

Msikilizaji aligeuza sikio, akatabasamu. Kazi yake haikuwa kusahihisha.

*

Tangu siku hiyo Nasibu alifundisha ili wasijue. Angeacha, lakini wangemleta mwingine, na huyo mwingine angefundisha kwelikweli. Kwa hiyo alibaki. Aliwarudisha kwenye ba na be kila walipoikaribia sentensi. Alifuta ubao kabla hawajamaliza kunakili. Mtu akipata neno zima, alimpongeza haraka akamhamishia kwenye herufi nyingine. Na walipotaka kusoma kwa sauti, maana mtu mzima anayeanza kusoma hawezi kusoma bila sauti, herufi kwake ni kitu cha kutafuna, alinyoosha kidole kwenye tangazo la maktaba.

"Someni kimyakimya. Mnaona imeandikwa pale?"

"Tungeona tungekuja kufanya nini hapa?" Sudi alinong'ona, na meza nzima ikatikisika kwa kicheko cha kubanwa.

"Sudi, utatufukuzisha."

"Mwalimu, mimi nikisoma moyoni najibiwa na njaa. Haya maneno mpaka yatoke ndiyo niyaamini."

"Yaache humohumo."

"Basi yataoza, bwana. Bi Mashavu ataniosha nanuka ba be bi."

"Wewe nitakuosha kwa jivu," alisema Bi Mashavu bila kuinua macho, kidole chake kikitambaa kwenye karatasi kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Nasibu alitazama kidole kile. Hakikwenda kama kidole cha mtu wa ba na be. Kilikwenda, kikasimama, kikaenda tena. Alipouliza amejifunzia wapi zaidi, alijibiwa bila maringo kwamba pamba na kafuri anazonunua hufungwa kwa vipande vya magazeti, na anapomngoja marehemu apoe huwa hana la kufanya. "Nasomea pale, nao hawalalamiki. Ndio wasikilizaji wazuri kuliko wote."

Jioni zile Nasibu alipita ubaoni, na Msikilizaji alimwita kama jirani.

"Mwalimu. Wanafunzi wako wazito."

"Watu wazima hao. Vichwa vimejaa maisha."

"Sikusukumi. Mimi kazi yangu ni kusubiri, na ninaipenda." Akakunja mguu juu ya mguu. "Ila nikuambie kitu. Kule juu wanakusifu sana. Wanasema huyu mzee ni mwenzetu kabisa."

"Mimi si mwenzenu."

"Unajua jambo wasilolijua, unawaambia lingine, na usiku unalala. Kwetu sifa ni hiyohiyo, hakuna nyingine."

Nasibu aliondoka bila kuaga. Alipinda nyuma ya maktaba akakaa penye jiwe jeupe.

Siwema. Wananitukana. Wananiita mtu wa juu, mimi. Mimi ninayekulinda. Unajua nikisema watafanya nini? Watalia, watapiga kelele, mmoja atakimbilia ubaoni ahakikishe, na akihakikisha tu umekwisha. Afadhali wasijue. Nimewawekea amani. Mtu haibiwi usingizi kwa jambo asiloliweza. Siwema, mbona kimya? Ungekuwa wewe ungetaka kuambiwa? Usijibu. Nyasi zimekua, nitakuja kuzikata.

Akabaki pale mpaka kivuli cha kilima kikamfunika miguu, kikapanda kiunoni. Hakukisikia kikipanda. Ndivyo vinavyopanda.

*

Halafu mvua zikanyesha, na Bondeni ikafurika. Maji yaliingia majumbani, yakabeba sufuria na kuku, yakamlaza mtoto wa jirani yake Bi Mashavu kwa homa. Watu walisimama maji magotini, na jambo walilolizungumza lilikuwa moja. Mifereji. Amri ya mifereji iko ubaoni siku zote hizi, inangoja kusomwa tu, na mwalimu wetu, maskini, ana moyo mwema lakini anajikokota, na peke yake haisomi kwa sauti, pengine anaona aibu ya darasa la nne lake.

Nasibu hakuwa na habari. Alasiri ile alifika maktaba akakuta meza tupu, chaki imelala. Akasikia watu nje. Alipotokeza kwenye ngazi aliona Bondeni nzima imesimama mbele ya ubao, nguo zimewalowa, na mbele yao Bi Mashavu amejitanda kanga mpya, ya sikukuu. Sudi alimpungia mkono akiwa na furaha ya mtu aliyemfichia mwenziwe zawadi.

"Njoo uone matunda yako, Mwalimu! Leo tunajisomea mifereji yetu."

Msikilizaji alikuwa amekwisha kusimama. Siku hiyo uso wake haukuwa wa mtu yeyote.

Bi Mashavu akainua kidole. Alianza polepole, kwa sauti ileile anayoisomea maiti, silabi moja ikishikwa mkono na nyingine. "Kwa a-mri ya Wa-kubwa wa Mji." Watu wakaguna kwa kustaajabu. Mtu wao. Kinywa cha Bondeni kinasema maneno ya kilimani na hakijaungua. "Wa-kazi wa Bondeni mna-julishwa kwamba." Alivuta pumzi. Nasibu aliteremka ngazi akisukuma watu, na ngazi zilikuwa zinaongezeka chini ya miguu yake, kila akikanyaga moja inazaliwa nyingine. "Mwezi uta-ka-po-andama, ma. Maka."

Kidole kilibaki pale kilipo. Kisha akageuka, akamtafuta Nasibu katikati ya watu, akampata.

"Mwalimu. Ulisema mifereji."

"Umekosea kusoma, Bi Mashavu." Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka laini. Alimfikia, akamgusa bega kwa upole. "Ni neno gumu hilo. Umechoka. Njoo tukae, tutalirudia kesho."

Mama yule alimtazama. Lilikuwa jicho la mtu anayetaka kuamini, na Nasibu aliliona linavyotaka, na alilisaidia kwa kutikisa kichwa. Kisha Bi Mashavu akarudi ubaoni. Alilishika lile neno tangu mwanzo kama alivyofundishwa, herufi na mwenziwe, silabi na mwenziwe. "Ma. Ka. Bu. Ri." Akalirudia tena, na neno halikubadilika.

"Sijakosea," alisema. "Hili nalijua. Ndiko ninakowapeleka watu."

Sudi hakuwa na utani. Bi Mashavu aliendelea kwa sababu alikuwa ameanza, kwa sababu hakuna anayemwosha maiti nusu, sauti yake sasa haina furaha ndani yake. "Makaburi yo-te, yaliyo kati ya mak-taba na mto." Likabaki neno moja. "Ya-ta. Yatasa." Akasimama. Akajaribu tena. Lilikuwa neno refu la kilimani, halikupata kufungiwa kafuri. "Yatasa," alisema, na hakuweza zaidi.

Msikilizaji aliinama mbele, sikio limefunguka kama mlango. Bila neno lile amri ilikuwa karatasi tu. Lingeweza kubaki bila kusomwa mwaka mzima, maisha mazima, na chini ya jiwe jeupe Siwema angelala.

Bi Mashavu akamgeukia Nasibu. Hakumtazama kwa lawama. Angemtazama kwa lawama, Nasibu angeweza kuvumilia, lawama aliizoea, alikula nayo na kulala nayo. Alimtazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu wake akikwama, akingoja, na nyuma yake Bondeni nzima ilimtazama kwa macho yaleyale, na Nasibu akajiona amesimama ubavuni mwa kitanda, amevaa koti jeupe, analijua jina la ugonjwa. Ana huruma nyingi. Ana uji wa kumtuma mtu akaulete. Akajua sasa wale watu hawakuwa na nyuso za kishetani. Walikuwa na nyuso hizi, za watu waliochoka, wanaopenda pawe na amani. Na kilima chote, mpaka juu penye ukungu alikokwenda na lawama akakosa mtu, kilikuwa kimejengwa kwa mtu mmoja mmoja aliyenyamaza kwa faida ya mwenziwe.

Nisamehe, Siwema. Au usinisamehe. Lakini wewe uliwatazama vilevile.

"Yatasawazishwa," alisema Nasibu.

"Vipi?"

"Ya-ta. Sa-wa. Zi-shwa." Alilikata kama anavyolikata darasani, taratibu, ili kila mtu alipate. "Maana yake watayalima kwa mashine mpaka yawe sawa na ardhi. Wanataka uwanja wa gwaride. Nililijua tangu mwanzo. Semeni."

"Ya-ta-sa-wa-zi-shwa," alisema Bi Mashavu, akijua neno hilo linafungua nini, maana kufichwa kulimchosha kuliko amri yenyewe, na darasa likasema, na watu wa nyuma ambao hawajawahi kushika chaki nao wakasema, kwa sauti moja, kubwa, mbele ya maktaba inayotaka watu wakae kimya.

Msikilizaji aliandika. Alikunja kiti chake, akakitia kwapani, akampa Nasibu mkono usiopokelewa. "Kazi nzuri, Mwalimu," alisema, akaanza kupanda kilima, na koti lake halikuwa na mtu ndani.

Hakuna aliyempiga Nasibu. Alingoja wampige. Mwanamke mmoja alianza kulia, akaacha. Sudi alimpita kwa bega bila kumtazama, akatema mate pembeni, akauliza kwa hasira kama anamuuliza yeyote, "Mwezi unaandama lini?"

"Huu uliopo umebaki ukucha," mtu alijibu.

Bi Mashavu alivua kanga yake mpya, akaikunja vizuri akaiweka juu ya ngazi, akabaki na ile kuukuu ya kazi aliyoivaa ndani. Alitazama nyuma ya jengo, kule kwenye nyasi, kwa muda, kama mtu anayepima kazi itachukua watu wangapi.

"Wengi mle nimewafunga sanda kwa mikono yangu," alisema. "Sitawaacha wakanyagwe na buti. Ng'ambo ya mto ardhi ni laini." Akawageukia. "Nani ana jembe nyumbani kwake?"

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye vidole vyao vya miguu. Watu walitazamana. Nasibu, ambaye hakuna aliyekuwa anamuuliza, alinyoosha mkono.